Mtoto wa Mtunya: njaa ya Ugogo, homoni na kumbukumbu



Leo naomba mnivumilie, hii itakuwa ndefu kidogo. Imeanzia kwenye sahani ya wali maharage. Nilikuwa nakula mchana kwenye mgahawa mmoja hapa Dodoma, na meza ya jirani walikaa vijana wanne wenye vitambulisho shingoni, wasomi kabisa, wanaongea kwa sauti. Mmoja akasema amesoma kwenye simu kwamba mama akishinda njaa wakati wa ujauzito, ubongo wa mtoto unaharibika tangu tumboni. Mwenzake akadakia: "Basi ndiyo maana Wagogo wako vile! Njaa kila mwaka toka enzi na enzi." Wakacheka wote.

Mimi ni Mgogo. Utani wa ombaomba nimeuzoea tangu shule ya msingi, haunipi shida. Huu ulinikaa kooni kwa sababu ulivaa koti la sayansi. Na mbaya zaidi, nusu ya kwanza ya maneno yale haikuwa uongo. Nikalipa, nikaondoka, nikaanza kusoma.

Kuna sababu nyingine. Mama yake bibi yangu alizaliwa wakati wa Mtunya. Tarehe haijulikani, mwezi haujulikani, hata mwaka wenyewe ni wa kubahatisha. Ukimuuliza bibi, "Mama yako alizaliwa lini?" anakujibu neno moja tu: "Mtunya." Hicho ndicho cheti chake cha kuzaliwa.

Kwa wasiojua, Mtunya ni jina ambalo Wagogo waliipa njaa ya kati ya mwaka 1917 na 1920. Maana yake ni kugombania, kunyang'anyana. Wagogo wana majina ya njaa kama wengine wanavyokuwa na majina ya wafalme, na wazee walihesabu miaka kwa njaa hizo. Lakini Mtunya imekaa peke yake.

Watu wengi wanadhani ilikuwa ukame tu. Ugogo ni nchi ya mvua moja kwa mwaka, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi, milimita 500 na ushee kwa wastani. Wazee wetu walilijua hilo kabla ya mtaalamu yeyote wa hali ya hewa. Walilima mtama na uwele, nafaka zinazovumilia jua, walitunza akiba ghalani, na ng'ombe ndiyo ilikuwa benki. Mvua ikikataa, unamswaga dume mpaka kwa jirani mwenye nafaka, mnabadilishana. Mwaka mmoja mbaya haukuua nchi.

Kilichoua nchi ni vita. Reli ya Wajerumani kutoka Dar es Salaam ilikuwa imeshapita Dodoma kabla ya 1914, kwa hiyo Vita vya Kwanza vya Dunia vilipofika huku, Ugogo ikawa njia ya majeshi. Wajerumani wakachukua ng'ombe, wakachukua nafaka, wakachukua wanaume wa kubeba mizigo. Kisha jeshi la upande wa Waingereza, chini ya Jenerali van Deventer, likashuka kutoka Kondoa na kuingia Dodoma mwishoni mwa Julai 1916. Unadhani wao walikuja na chakula? Walikuja na orodha ile ile: ng'ombe, nafaka, wapagazi. Mwanahistoria Gregory Maddox, aliyechapisha utafiti wake juu ya Mtunya mwaka 1990, anaonyesha jinsi majeshi yalivyokwapua akiba ambayo ndiyo ingewavusha watu. Mvua ilipokuja kuwakataa, ghala lilikuwa tupu, zizi tupu, na mikono ya kulima iko porini inabeba risasi za wazungu. Mwaka 1918 ikaongezeka homa ya mafua iliyozunguka dunia nzima.

Wanahistoria hutaja makadirio ya watu 30,000 waliokufa kati ya 150,000. Mmoja kati ya watano! Kuna waliowapeleka watoto wao kwa watu wenye chakula, kama rehani, ili angalau mtoto aishi.

Na katikati ya hayo yote, wanawake walikuwa wajawazito.

Sasa twende tumboni. Mjamzito aliyekaa na njaa ana mambo mawili kwa pamoja: chakula hakitoshi, na ana hofu. Mwili hautofautishi sana hayo mawili. Ubongo unatuma ujumbe kwenye tezi ndogo zilizokaa juu ya figo, nazo zinamwaga homoni inayoitwa kotisoli. Kazi yake si mbaya hata kidogo. Inatoa sukari kwenye akiba ya mwili, inakufanya uwe macho, inakupa nguvu ya kutembea siku mbili kutafuta mizizi. Hata mtoto tumboni anaihitaji siku za mwisho ili mapafu yake yakomae. Tatizo ni nyingi mno, mapema mno. Kotisoli inauambia mwili "acha kujenga, okoa maisha", na mtoto tumboni kazi yake yote ni kujenga.

Mungu aliweka mlinzi hapo katikati. Kondo la nyuma lina kimeng'enya kinachoipokea kotisoli ya mama na kuigeuza sehemu kubwa iwe kitu kisicho na makali, kabla haijamfikia mtoto. Ila majaribio ya panya ya miaka ya 1990 huko Uingereza yalionyesha jambo la kusikitisha: panya mjamzito akinyimwa protini, kazi ya mlinzi huyo inapungua. Yaani wakati ule ule ambao mama ana kotisoli nyingi, ndipo mlango unapoachwa wazi.

Hiyo kotisoli ikishapita inakwenda wapi? Mwaka 1968 Bruce McEwen na wenzake huko New York walichapisha ugunduzi wao kwamba homoni ya aina hii, ikiingizwa kwenye damu ya panya, inakwenda kujishikiza kwa wingi kwenye sehemu moja ya ubongo: hipokampasi. Ni sehemu ndogo iliyojikunja kama yule samaki anayeitwa farasi wa baharini, moja kila upande wa kichwa, na ndiyo inayoshughulika na kumbukumbu mpya. Uliweka wapi funguo, njia ya kisimani ni ipi, nani alikuja jana. Kabla ya hapo wengi walidhani homoni ni mambo ya mwili wa chini: ukuaji, uzazi, ndevu. Kumbe zinapanda hadi kwenye chumba cha kumbukumbu na kukaa humo.

Hipokampasi ina kazi ya pili, na hii naomba muishike. Ndiyo mojawapo ya breki za kotisoli yenyewe. Inapoona imezidi, inasaidia kutuma ujumbe kwamba basi, hatari imepita, zimeni. Mtoto aliyejengewa vipokezi vichache vya homoni hiyo anakuwa na breki dhaifu. Akishtuka, anachelewa kutulia. Kotisoli inakaa muda mrefu zaidi kichwani, na miaka inavyokwenda inaweza kuichosha sehemu ile ile inayotunza kumbukumbu. Kwa hiyo jambo la miezi tisa linaweza kuja kuonekana mtu akiwa na mvi.

Hapo yule kijana wa mgahawani angeshangilia. Asubiri kwanza.

Hayo ni panya. Kwa binadamu, majaribio ya namna hiyo hakuna mtu mwenye akili timamu anayeweza kuyafanya. Ila historia iliyafanya bila kuomba ruhusa. Septemba 1944 wafanyakazi wa reli wa Uholanzi waligoma, na Wajerumani waliokuwa wameikalia nchi wakajibu kwa kuzuia chakula kuingia magharibi mwa nchi hiyo. Baridi ikaingia. Mjini Amsterdam mgao ulishuka chini ya kalori 1,000 kwa siku, na wakati mwingine ukafika nusu ya hapo. Watu wapatao 20,000 walikufa hadi Mei 1945 nchi ilipokombolewa.

Tofauti kati yao na sisi ni karatasi tu. Waholanzi walikuwa na kadi za mgao, daftari za wakunga, vyeti vya kuzaliwa vyenye tarehe. Kwa hiyo mtafiti anaweza kukaa mezani na kusema: huyu alikuwa na miezi miwili tumboni njaa ilipoanza, huyu alikuwa na miezi saba, huyu alitungwa baada ya njaa kwisha. Jaribu kufanya hivyo kwa Ugogo wa 1918.

Mwaka 1972 Zena Stein, Mervyn Susser na wenzao walichapisha matokeo ya vijana wa kiume wa Kiholanzi wapatao 125,000, waliopimwa akili walipofika miaka 19 kwa ajili ya kuitwa jeshini. Walitafuta alama ya njaa. Hawakuiona! Waliokaa tumboni wakati wa njaa walifanya sawa na wengine. Ukisimama hapo unaweza kusema mambo yamekwisha, tumbo la mama ni ngome.

Lakini watoto wale hawakubaki na miaka 19. Mwaka 2010 Susanne de Rooij na wenzake wa Amsterdam walichapisha vipimo vya watu wale wakiwa na miaka kati ya 56 na 59. Waliokuwa tumboni katika miezi ya mwanzo wakati wa njaa walifanya vibaya zaidi kwenye kipimo cha umakini, kile ambacho unaonyeshwa neno "nyekundu" limeandikwa kwa wino wa bluu na unatakiwa utaje rangi ya wino bila kuchanganyikiwa. Uwezo huo kwa kawaida hupungua na uzee, kwa hiyo watafiti wakajiuliza kama watu hawa wanazeeka ubongo mapema kidogo. Ila tazameni ukubwa wa jambo lenyewe: kipimo kimoja kati ya kadhaa, tofauti ya wastani kati ya makundi, wakiwa wanakaribia miaka sitini. Hayo siyo "ubongo umeharibika". Humo kuna watu waliokuwa madaktari na walimu, wakalea, wakastaafu.

Hapa nyumbani je? Kuna homoni nyingine ambayo Tanzania imehangaika nayo kwa miaka mingi, nayo inahusu ubongo wa mtoto kuliko hata kotisoli. Ni ile ya tezi ya shingoni, inayotengenezwa kwa madini joto. Mtoto tumboni hana tezi inayofanya kazi ya kutosha mpaka karibu nusu ya ujauzito. Kabla ya hapo anaishi kwa homoni ya mama, na ni hiyo inayoziongoza chembe za ubongo kusafiri hadi mahali pake, hipokampasi ikiwamo. Mama akikosa madini joto kabisa, mtoto anaweza kuzaliwa kiziwi au na akili iliyodumaa kweli kweli.

Miaka ya 1980 kama robo ya watoto wa shule waliopimwa nchini walikuwa na uvimbe wa tezi shingoni, hasa nyanda za juu. Kuanzia 1986 serikali ikagawa vidonge vya mafuta yenye madini joto kwenye wilaya zilizoathirika zaidi, na miaka ya 1990 ikaja sheria ya kuweka madini hayo kwenye chumvi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2004 ulikuta uvimbe umeshuka hadi asilimia 7 hivi, na kaya 83.6 kwa mia zinatumia chumvi yenye madini joto. Ni moja ya ushindi mkubwa wa nchi hii, na sijawahi kuona umejengewa sanamu.

(Kwa wenzangu wa ugali wa uwele: watafiti wa miaka ya 1980, waliofuatilia ugonjwa wa tezi kule Darfur, Sudan, waligundua kwamba uwele una kemikali zinazozuia tezi kutumia madini joto. Msitupe uwele! Kinachotakiwa ni chumvi sahihi mezani.)

Vidonge vile vilikuja kuzaa ubishi mzuri. Mwaka 2009 wachumi Erica Field, Omar Robles na Maximo Torero walichapisha hesabu zao: watoto wa Tanzania ambao mama zao walilindwa na vidonge wakati wa ujauzito walisoma shule zaidi kwa theluthi hadi nusu ya mwaka kuliko wenzao, na wasichana ndio walionufaika zaidi. Habari hiyo ilizunguka dunia. Mwaka 2020 wachumi wengine wakarudia hesabu zile zile, wakasahihisha, wakaongeza takwimu mpya, na ile faida ikayeyuka. Hawakusema madini joto hayana kazi, hilo limethibitishwa kwa njia nyingine nyingi. Walisema tu kwamba kwa takwimu hizi, shuleni, alama yake haionekani. Nawaheshimu wote. Ndivyo sayansi inavyokwenda, huwa haiwi na haraka kama watu wa mezani.

Sasa nirudi kwa yule kijana. Kosa lake la kwanza ni la historia. Anazungumza kana kwamba njaa ni tabia ya Wagogo, kitu kilichoota kwenye udongo huu. Mtunya ililetwa na majeshi mawili ya Ulaya. Kama kuna homoni zilizovuruga watoto wa mwaka 1918, basi chanzo chake kimeandikwa kwenye daftari za bwana ugavi wa jeshi. Kosa la pili ni la sayansi: anachukua wastani na kumbandika mtu mmoja usoni, halafu anaubandika kwa kabila zima, halafu kwa wajukuu na vitukuu.

Kuhusu vitukuu, nikiri kitu kilichonishtua. Mtoto wa kike akiwa bado tumboni, mayai yake yanakuwa yameshatengenezwa. Maana yake yai lililokuja kuwa bibi yangu lilikuwepo tayari ndani ya mtoto yule, ndani ya mama yule, wakati wa Mtunya. Vizazi vitatu kwenye tumbo moja lenye njaa. Nililifikiria hilo usiku mzima.

Lakini ubongo haujengwi mara moja na kufungwa kama jeneza. Mjini Montreal, Michael Meaney na wenzake walionyesha kuanzia miaka ya 1990 kwamba panya mama anayewalamba sana watoto wake siku za mwanzo anawajengea vipokezi vingi zaidi vya ile homoni kwenye hipokampasi. Breki inakaza, na wakikua wanakumbuka njia vizuri zaidi. Waliolambwa kidogo, wakihamishiwa baadaye kwenye vizimba vikubwa vyenye wenzao na vitu vya kuchezea, pengo la kumbukumbu linazibika. Nikiyasoma hayo nawaona mabibi wa Ugogo waliobeba watoto mgongoni kutwa nzima, na wajomba na mashangazi waliolea yatima wa Mtunya kama wao.

Na kuna mtoto mmoja wa miaka ile ambaye tarehe yake tunaijua. Ukitoka Dodoma mjini kwenda Morogoro, kabla ya kufika Mji wa Serikali pale Mtumba, unapita Ihumwa. Siku hizi watu wanaijua kwa bandari kavu na reli mpya. Huko Ihumwa ndiko alikozaliwa Mathias Mnyampala, Novemba 1917, Mtunya ikiwa imeshaanza. Kama umesoma ngonjera shuleni, umekula matunda ya kazi yake, maana yeye ndiye aliyezipa ngonjera sura yake ndani ya fasihi ya Kiswahili. Aliongoza chama cha washairi, UKUTA. Alifia hapa hapa Dodoma mwaka 1969. Na mwaka 1954 alichapisha kitabu kiitwacho Historia, Mila na Desturi za Wagogo, baada ya kukusanya kwa wazee koo, watemi, safari na majina ya mahali, vitu ambavyo vingeweza kupotea. Aliyekuja kukitafsiri kitabu hicho kwa Kiingereza, mwaka 1995, ni Gregory Maddox, yule yule mwanahistoria wa Mtunya.

Simtumii Mnyampala kama ushahidi kwamba njaa haina madhara. Mtu mmoja hawezi kufuta wastani, kama ambavyo wastani hauwezi kumfuta mtu mmoja. Ninachosema ni kwamba mtu aliyetunza kumbukumbu ya Ugogo kuliko yeyote alikuwa mtoto wa Mtunya. Kijana wa mgahawani angepewa karatasi ya mwaka wa kuzaliwa tu, angemwandikia nini?

Jumapili iliyopita nilikwenda kwa bibi, wilayani Chamwino. Nikamuuliza mama yake alikuwaje. Alifikiri kidogo, akasema, "Mjukuu wangu, alikuwa mwepesi wa kushtuka. Mbwa akibweka usiku, halali tena mpaka asubuhi." Nikaandika. Nikauliza, na kumbukumbu je?

Bibi akacheka. Akasema mama yake hakujua kusoma wala kuandika, lakini ng'ombe wote walioingia na kutoka kwenye lile zizi aliwajua: rangi, mama wa ng'ombe, alitolewa kwa mahari ya nani, alikufa mwaka gani. Watu wakigombana juu ya mahari ya zamani walimfuata yeye. Kisha bibi akanyamaza, akaanza kuwataja wale aliowarithi kutoka kinywani mwa mama yake, mmoja mmoja. Nilijaza kurasa nne, na giza likaingia kabla hajamaliza.